Tunapompanga kwotabeki kijana, tunampanga nani hasa?

Kila ifikapo Julai, timu za NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani, zikiwa bado hazijacheza hata mechi ya majaribio, vyombo vya habari vya Marekani hutoa orodha zinazowapanga makwotabeki vijana kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na jamaa zangu hunitumia ujumbe wakitaka kujua kama ninaafiki. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mchezo huu, na kila orodha ninayoletewa huisoma kwa swali lile lile: katika sifa au lawama iliyoandikwa hapa, ni ipi ya kijana mwenyewe, na ni ipi aliyobebeshwa kwa sababu ya watu wanaomzunguka?

Kwa msomaji aliyezoea soka, kwotabeki ndiye anayepewa mpira karibu kila shambulizi linapoanza, naye ana kama sekunde tatu tu za kuamua amrushie nani, huku wachezaji watano wa mstari wa mbele wakiwazuia wapinzani wanaomkimbilia kumwangusha. Watu hao watano wakizidiwa nguvu, au wapokeaji wakishindwa kujinasua, uamuzi wake huonekana mbovu hata kama macho yake yaliona sawasawa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa C.J. Stroud, aliyechaguliwa wa pili na Houston Texans mwaka 2023 katika drafti, yaani zamu ya kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya. Katika msimu wake wa kwanza alirusha yadi 4,108 na tachidauni 23 (pasi zilizozaa mabao katika eneo la mwisho la wapinzani), pasi zake 5 tu zikanaswa na wapinzani, na timu iliyokuwa imeshinda mechi 3 mwaka uliotangulia ikamaliza na ushindi 10. Orodha za kiangazi cha 2024 zikampandisha karibu na kilele. Msimu uliofuata aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 52, ilhali mwaka wa kwanza ilikuwa 38. Wapokeaji wake wawili, Stefon Diggs na Tank Dell, waliumia magoti kabla msimu haujaisha. Yadi zikashuka hadi 3,727, pasi zilizonaswa zikafika 12, na wachambuzi wakaanza kuuliza kama mwaka wa kwanza haukuwa bahati tu. Hata hivyo Texans walishinda tena mechi 10, wakatwaa tena ubingwa wa kundi lao na wakashinda tena mechi moja ya mtoano. Aliyepoteza kazi Januari 2025 ni mratibu wa mashambulizi. Klabu ilikuwa imetoa hukumu yake, nayo haikufanana na ya orodha.

Sehemu ya tatizo imo katika kipimo ambacho waandishi wengi hukitegemea, yaani ile alama ya mrushaji inayotumiwa na NFL tangu 1973, ambayo kikomo chake ni 158.3. Huundwa kwa mambo manne: asilimia ya pasi zilizopokelewa, yadi kwa kila pasi, tachidauni na pasi zilizonaswa. Kuangushwa hakumo, wala mbio za kwotabeki mwenyewe hazimo. Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10. Sasa, jaribio la tatu limefika, zimebaki yadi 12, na kijana anarusha pasi fupi ya yadi 5 isiyosaidia kitu. Pasi hiyo peke yake huhesabiwa alama 87.5. Mwenzake, akiona amezingirwa, anautupa mpira nje kwa makusudi ili timu isirudi nyuma. Huyo hupata 39.6. Wa tatu anaung'ang'ania mpira, anaangushwa, timu inapoteza yadi 8, na alama yake haipungui hata chembe. Aliyefanya jambo la busara ndiye anayeadhibiwa. Vipimo vya baadaye, kama QBR, alama ya makwotabeki ya kituo cha michezo cha ESPN iliyoanza 2011, huhesabu kuangushwa na mbio, na kwa hilo ni bora, lakini navyo haviwezi kumtenganisha kabisa kijana na kocha wake.

Sisemi haya kama mtu asiyekosea. Mwaka 2018 makwotabeki watano walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti, na katika daftari langu nilimweka Josh Rosen wa pili na Lamar Jackson wa mwisho. Rosen alitumikia Arizona msimu mmoja chini ya kocha aliyefukuzwa, kisha akauzwa Miami. Jackson, aliyechaguliwa wa 32, alitengenezewa na Baltimore mfumo mzima wa mashambulizi unaoendana na miguu yake, na mwaka 2019 akawa Mchezaji Bora wa Ligi kwa kura zote. Wa tatu katika kundi hilo, Josh Allen wa Buffalo, alianza kwa kufikisha asilimia 52.8 tu ya pasi zake, mwaka wa pili 58.8, na mwaka wa tatu, Diggs alipowasili, 69.2. Ni kweli Allen mwenyewe alirekebisha namna yake ya kurusha, na sitaki kumnyang'anya jasho lake, lakini yeyote aliyemfungia hesabu baada ya mwaka mmoja alikuwa amefunga mapema mno.

Pengine kuna msomaji atakayesema kwamba basi hakuna linaloweza kupimwa. Lipo, tena linawashangaza wengi: kiwango cha kuangushwa. Watu hukitupia mstari wa mbele moja kwa moja, lakini kwotabeki anapohama timu, mara nyingi huhama na kiwango chake, kwa sababu kukaa na mpira muda mrefu ni tabia ya mtu.

Ndiyo maana Caleb Williams ananipa kazi ngumu. Chicago Bears walimchagua wa kwanza mwaka 2024, naye akaangushwa mara 68 katika msimu mmoja, huku kocha mkuu na mratibu wa mashambulizi wakifukuzwa kabla msimu haujaisha. Nilipozipitia mechi zake, mara nyingine ukuta ulibomoka kabla hajainua macho, na mara nyingine yeye mwenyewe alizunguka akitafuta pasi ya ajabu ilhali pasi rahisi ilikuwa wazi mbele yake. Mwaka 2025 klabu ikamwajiri Ben Johnson kuwa kocha mkuu na kubadilisha wachezaji wote watatu wa katikati ya mstari wa mbele. Jamaa waliponiuliza kiangazi hicho nimemweka nafasi ya ngapi, niliwajibu kwamba safu yake katika daftari langu ina zile mara 68, zimegawanywa kwa kalamu za rangi mbili, na nafasi ya namba nimeiacha wazi.