Udongo mweusi si lazima uwe na rutuba

"Udongo mweusi ndio wenye rutuba." Dhana hii imewaponza wengi. Mtu analipia lori zima la udongo mweusi wa mbugani, anaumwaga uani, anapanda mchicha. Mvua ikinyesha panakuwa tope linalong'ang'ania jembe. Jua likiwaka panapasuka nyufa za kuingiza kidole. Weusi ule hauna maana kwamba mboji imejaa. Huo ni udongo wa mfinyanzi mzito, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Na ule mwekundu tunaoudharau, wekundu wake ni kutu ya chuma tu: kahawa na chai ya nyanda za juu za Kenya inaota humo humo.

Kabla ya kulipia lori, omba kopo moja la udongo huo. Tia kwenye chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji, weka sabuni ya unga kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja hivi, chembe laini zaidi huchukua saa kadhaa, mfinyanzi hukesha. Tabaka zenyewe zitakuambia unanunua nini.

"Mfinyanzi unatibiwa kwa mchanga." Ukitia ndoo mbili tatu umefyatua tofali. Ili mchanga usaidie inabidi ukaribie kuwa nusu ya tuta zima, na nani ana pesa hiyo? Tia samadi iliyooza au mboji. Ajabu yake, dawa hiyo hiyo ndiyo inayofaa mchanga wa Kigamboni: kwenye mfinyanzi inafungua udongo, kwenye mchanga inashika maji.

"Samadi ya kuku ikiwa mbichi ndiyo yenye nguvu." Nguvu inayo, ndiyo maana niliwahi kuunguza tuta zima la nyanya chungu kwa siku nne. Amonia, ile gesi kali inayotoka humo, haina huruma na mizizi. Irundike, ilowanishe, igeuze, usubiri mpaka rundo lipoe na harufu kali iishe. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi na giligilani, nakaa mbali kabisa na samadi ambayo haijaoza, kwa sababu ya vijidudu vya tumbo. Aliyekwisha kuichimbia asubiri miezi 4 kabla ya kuvuna.

"Majivu hayana madhara." Kwenye udongo wenye tindikali, sawa, konzi moja moja. Lakini pwani kwenye mawe ya matumbawe udongo tayari una chokaa nyingi, na majivu yanazidi kuufungia mmea madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, nawe utadhani yanataka mbolea.

Urea nayo si mbadala wa mboji: ina naitrojeni asilimia 46, basi.

"Kunde zinarutubisha udongo zenyewe." Si ukizing'oa na mizizi yake baada ya kuchuma kila jani. Zikate usawa wa ardhi, mabua yatandaze juu.

"Nimeshaweka mboji mwaka jana." Kwenye joto letu mboji huliwa upesi na vijidudu vya udongoni. Mimi huongeza debe moja kwa tuta kila ninapobadilisha zao.