Schoenberg Hakuwekwa Pale Kujaza Nafasi

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayepiga fidla vizuri: albamu yenye mtunzi wa Kiromantiki (wa ule muziki wa hisia nzito wa karne ya 19) na wa kisasa hununuliwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Wa pili amewekwa kujaza nafasi, na muziki wake ni hesabu tupu. Nimechoka.

Chukua albamu ya mpiga fidla Hilary Hahn ya mwaka 2008, akiwa na Orkestra ya Simfoni ya Redio ya Sweden chini ya Esa-Pekka Salonen. Ina konseto mbili za fidla, yaani kazi za fidla moja mbele ya orkestra: ya Schoenberg, yule wa kisasa, na ya Sibelius, yule wa Kiromantiki. Inayotangulia ni ya Schoenberg! Sasa nani kamjazia nani nafasi?

Tuje kwenye hesabu. Ni kweli, konseto hiyo ya 1936 imejengwa juu ya safu ya noti 12, yaani noti zote 12 zikiwa zimepangwa kwa mfuatano maalumu. Lakini sikiliza fidla inavyoingia: A, kisha inapanda nusu-toni moja tu, hatua ndogo kuliko zote. Ni mguno wa mtu mwenye jambo moyoni, na Waromantiki waliutumia miaka nenda rudi. Sehemu ni tatu, kasi, taratibu, kasi, kadenza (pale fidla inapopiga peke yake) ipo, mwishoni kuna mwendo wa gwaride. Huo ni mwili wa konseto ya Brahms, Mromantiki wa karne ya 19, na mwaka uliofuata Schoenberg alimaliza kuipangia orkestra kwarteti ya piano (kazi ya piano na ala tatu za nyuzi) ya Brahms katika G ndogo. Anayemkana Brahms hafanyi kazi hiyo.

Upande wa pili ndio unaoniudhi zaidi: kumfanya Sibelius kitanda cha kupumzikia. Konseto yake inaanza na nyuzi za orkestra zikitetema kwa vizimio (vya kupunguza sauti), kwa sauti ya chini kabisa, katika D ndogo. Fidla inaingia kwa G. Hiyo G haimo katika kodi ya D ndogo, yaani noti D, F na A zikilia pamoja! Inakwaruzana na kilicho chini yake, inapita A, ndipo inatua D. Ukiipiga kana kwamba ni noti ya nyumbani, umeiua sentensi nzima. Halafu katikati ya sehemu ya kwanza, pale unapotarajia orkestra ichambue mada, fidla inaachwa peke yake na kadenza ndefu. Toleo tunalopiga ni la 1905. Verklärte Nacht ya Schoenberg, Uromantiki mtupu, ni ya 1899. Niambie basi nani wa zamani.

Sikio langu haliwezi kuifuata safu ile ya Schoenberg mwanzo hadi mwisho, hata nikiwa na karatasi ya noti mkononi. Schoenberg mwenyewe alimwandikia mpiga fidla Rudolf Kolisch mwaka 1932 kwamba kuisaka safu hakumfikishi mtu kwenye uzuri wa kazi. Ninachotilia shaka ni uzito wa orkestra yake. Katika rekodi maikrofoni huibeba fidla. Ukumbini, kuna mahali naamini inamezwa, na sidhani kosa ni la mpigaji.

Kama sehemu ya kwanza ya Schoenberg inakushinda, anza na ya pili, Andante grazioso, ya mwendo wa taratibu na madaha. Usihesabu chochote. Fuata fidla tu.