"Mwili Ushakijua": Kisonono Hakizoeleki

"Dokta, mimi kitu hiki nilishaugua mwaka juzi. Mwili ushakijua, si utakimaliza wenyewe?"

Aliyeniuliza ni kijana anayeshusha samaki hapa Tanga, kashika kikaratasi cha kipimo mkononi. Wiki hiyo alikuwa wa tatu kuniambia hivyo, na wote watatu walikuwa na usaha.

Wanachofikiria ni surua: ukiugua mara moja, basi. Kirusi cha surua kinavaa sura ileile maisha yote, ndiyo maana kinga ikishakiona haikisahau. Kijidudu cha kisonono hakina sura moja. Kina vinywele vya kujishikizia kwenye ngozi laini ya ndani ya njia ya mkojo, na ndani ya vinasaba vyake kimeweka akiba ya vipande vya kuvibadilishia. Kingamwili, yaani silaha za kinga, ulizotengeneza mwaka juzi zinatafuta nywele za mwaka juzi. Juu ya hapo kinajipaka sukari kinayoichukua kwako wewe mwenyewe, ili kinga ikidhani ni mtu wa nyumbani. Na katika majaribio ya panya imeonekana kwamba kinauchokoza mwili umwage chembe nyeupe za damu, zile za kukimbilia moto, huku kikizituliza zile seli T ambazo kazi yao ni kukumbuka adui. Kwa hiyo unaweza kuugua mara tano, na ya tano mwili ukaipokea kama ya kwanza.

Yule kijana nilimwita achungulie hadubini. Usaha wake nilikuwa nimeshaupaka kwenye kioo, nimeutia rangi, tone la mafuta juu. Chembe nyeupe zimejaa, kiini cha kila moja kimekatika vipande, na ndani ya baadhi yao vijidudu vyekundu viwiliwili, kama maharage yaliyogeuziana matumbo. Akasema, "Si wameshaliwa hao?" Wamemezwa, ndiyo. Lakini kumezwa si kufa: baadhi yao huzuia sumu ya chembe hiyo isiwafikie, wakaishi humohumo. Usaha huo si "uchafu unaotoka", kama wanavyoambiana vijiweni. Ni askari wako, na baadhi yao wamembeba adui akiwa hai.

Madafu nayo, eti ukinywa mengi mkojo utausafisha ugonjwa. Kunywa, madafu ni mazuri, lakini mkojo mwingi hauking'oi kitu kilichojishikiza ukutani.

"Sina dalili, sina ugonjwa." Hili linawaumiza zaidi wanawake. Wengi wenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hawasikii chochote, kwa sababu inaishi ndani ya seli zenyewe. Inajijengea kifuko, inazuia kisiungane na vifuko vya seli vya kusagia takataka, na inapunguza zile alama ambazo seli ingezionyesha nje kuziita seli T. Baada ya siku mbili tatu seli inapasuka, watoto wanaingia seli za jirani. Mama anakuja kulalamika hashiki mimba, kumbe mirija imeshapata makovu.

Kaswende: kidonda hakiumi, na baada ya wiki tatu hadi sita kinajifunga chenyewe. Hujapona. Kijidudu kimeingia kwenye damu, na ganda lake lina protini chache sana za kushikwa na kinga. Sindano ya penisilini bado inakimaliza, basi ichomwe. Na kipimo cha haraka kikiendelea kusoma chanya miaka baadaye, usikione kama cheti cha kinga. Kaswende inaambukiza tena.

Ombi langu la kila siku, na nitalirudia hata wakinichoka: msije kwa zamu. Mume akitibiwa leo na mke mwezi ujao, wanarudishiana tu. Kijana yule nilimwambia akamlete mkewe, ana mimba ya miezi saba, na kisonono cha mama kinaweza kumpofusha mtoto anapozaliwa. Walikuja kesho yake, wakatibiwa pamoja, nikawahesabia siku saba za kulala mbalimbali.