Nyongeza ya Mtoto Mwenye Ulemavu Shuleni Huanzia kwenye Tathmini

Wazazi wengi wanaotuletea watoto kutathminiwa hapa Kisumu huuliza kwanza ni shule gani itakayompokea mtoto, na ni wachache wanaouliza shule hiyo itapata wapi fedha za kumhudumia.

Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, serikali hupeleka fedha shuleni kwa kuhesabu wanafunzi. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mwenye ulemavu huongezewa shilingi 2,300 za vifaa vinavyomfaa na za kurekebisha mazingira, kama vile kujenga njia ya kiti cha magurudumu hadi chooni, na hivyo mgao wake hufika shilingi 3,720. Mishahara haimo humo, kwa kuwa walimu huajiriwa na Tume ya Kuwahudumia Walimu (TSC). Aidha, fedha hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, kwa hivyo muhula wa mwisho huwa na shilingi 744 tu kwa mtoto huyo, hata zikifika kwa wakati.

Kiwango hiki, kwa maoni yangu, ni kidogo mno. Mashine moja ya kuandikia breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Shule yenye wanafunzi wengi wasioona, kama ile ya Kibos, inaweza kuunganisha migao yao na kununua mashine ya kutumiwa kwa zamu, lakini shule ya kijijini kule Nyando yenye mtoto mmoja asiyeona haina pa kuunganisha.

Hata hicho kidogo hakiji chenyewe. Ulemavu wa mtoto sharti utathminiwe na kuandikwa, kazi ambayo vituo vya tathmini vimeifanya nchini tangu mwaka 1984. Afisa huchunguza macho, masikio, viungo na namna mtoto anavyojifunza, kisha huandika ripoti inayopendekeza shule maalum, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida au darasa la kawaida lenye usaidizi. Mwalimu mkuu humsajili kwenye mfumo wa wizara, ambao hudai pia cheti cha kuzaliwa. Asiye na ripoti huhesabiwa kama wengine. Tuliwahi kumpokea msichana aliyefika darasa la tatu akidhaniwa mkaidi, kumbe hasikii. Miaka yote hiyo shule yake haikuwa imemwombea hata shilingi moja ya nyongeza, na jambo hilo bado linaniuma.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na vifaa vinavyomfaa. Kwa hiyo mzazi asione haya kumuuliza mwalimu mkuu, au wajumbe wa bodi ya shule, kama mwanawe amesajiliwa kuwa na mahitaji maalum, na zile shilingi 2,300 zilinunua nini mwaka huu.