Ukarabati wa Sakafu ya Zege ya Meko: Saruji ya Kawaida Haitoshi

Kila msimu wa baridi unapokaribia, malalamiko yanayowafikia wakaguzi wa majengo kuhusu meko ya ndani huongezeka, na mengi yanafanana: sakafu ya zege inayobeba moto ilipasuka, mwenye nyumba akaziba ufa kwa saruji na mchanga, na muda si mrefu kiraka kikabanduka. Lawama humwangukia fundi, ilhali kasoro mara nyingi imo katika mchanganyiko wenyewe.

Zege la kawaida hushikamana kwa maji yaliyofungamana na saruji. Likipita nyuzi 300 za Selsiasi huanza kupoteza nguvu kwa kiasi kikubwa. Kati ya nyuzi 400 na 500 chokaa iliyomo huvunjika, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo mchangani hutanuka ghafla. Makaa yanayowaka huweza kupita viwango hivyo vyote. Tunaomba ushauri wa "ongeza saruji kiwe kigumu" uachwe kabisa, kwa sababu saruji ikizidi, kiraka husinyaa na kupasuka mapema zaidi.

Kabla ya kununua chochote, igonge sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama pana uwazi chini yake, zege limeachana. Kisha chora mstari wa penseli unaoukatisha ufa, andika tarehe pembeni, na usubiri wiki kadhaa. Pande mbili za mstari zikipishana, huenda msingi unatitia, na kuuziba ufa hakutausimamisha. Hali kadhalika, ufa uliopenya hadi chini, upande mmoja ulioshuka, au nondo zilizojitokeza si kazi ya kujifanyia.

Ufa wa juujuu hupanuliwa kwa tindo hadi kufikia zege zima, ukiwa mpana kidogo chini kuliko juu ili kiraka kishike. Vaa miwani na barakoa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Jaza mchanganyiko wa kustahimili moto uliotengenezwa kwa saruji ya alumina, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, si kwa makadirio ya macho. Mahali moto unapokaa, tandaza juu yake matofali yanayostahimili moto. Saruji hiyo huwa ngumu haraka, takriban siku moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea: ugumu si ukavu. Maji yaliyobaki yakigeuka mvuke kwa kasi huweza kurusha vipande vya zege, kwa hiyo moto wa kwanza uwe mdogo na uongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kuhusu kibali, kuziba ufa kwa kawaida huhesabiwa matengenezo madogo, lakini kuvunja sakafu na kuimwaga upya, au kubadili unene na ukubwa wake, huhitaji kibali katika maeneo mengi. Ombi huambatana na mchoro unaoonyesha unene wa zege, urefu wa sehemu iliyotokeza mbele ya meko, na umbali hadi kwenye mbao zilizo karibu. Mkaguzi huitwa nondo zikishapangwa na kabla zege halijamwagwa, kisha tena kazi ikikamilika. Aliyeifunika kazi kabla ya ukaguzi anaweza kuamriwa kuifukua kwa gharama zake, kusimamishiwa ujenzi au kutozwa faini, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hasara ya moto uliotokana na kazi hiyo. Kusema kwamba fundi ana uzoefu wa miaka mingi hakuondoi lolote kati ya hayo.

Katika ukaguzi wa mwisho hutazamwa pia upande wa chini. Mbao zilizoshikilia zege lilipokuwa bichi ni lazima ziondolewe zote, hata pale pasipofikika kwa urahisi, kwa sababu joto linalopenya mwaka hata mwaka huzikaanga taratibu hadi zikashika moto ndani ya sakafu, mahali ambapo wenye nyumba hawauoni mapema.