Mtoto mwenye usonji akichopoka, mtafute majini kwanza: maswali ya wazazi wa Unguja na Pemba

Kwa nini mwanangu hukimbilia maji?

Si ukaidi wala si shetani. Maji yanametameta, yana mvumo usiobadilika, na yanaukumbatia mwili mzima. Watoto wengi wenye usonji (kwa Kiingereza autism) hupata utulivu humo, hasa wanapokimbia kelele za harusi au za jenereta. Tatizo ni kwamba wengi wao hawaitambui hatari. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji walijaribu kuchopoka, yaani kutoroka walipo bila mkubwa, angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Mwingine wa huko huko, wa mwaka 2017, ulikuta kuwa watoto wenye usonji walikuwa na uwezekano wa kufa maji mara 160 kuliko watoto kwa jumla. Na sisi tunaishi visiwani.

Akipotea nianzie wapi?

Majini, kabla ya kwenda kwa bibi yake, chuoni au dukani. Najua moyo unakupeleka kwa jamaa, lakini kule akiwapo yu salama na atasubiri. Kwenye maji hana muda wa kusubiri. Mtume mtu mmoja kisimani, mwengine dikoni, mwengine kwenye bonde la mpunga, wote kwa wakati mmoja, na mwengine aende msikitini akaombe kipaza sauti.

Haya yapangwe kabla. Mpelekee sheha picha ya mtoto. Waoneshe wavuvi wa dikoni, akina mama wanaolima mwani na walinzi wa hoteli iliyo jirani, uwaeleze: huyu haitiki akiitwa jina, akikimbizwa huzidi kukimbia, mwende taratibu, mwimbieni wimbo anaoupenda. Andika namba ya simu ndani ya nguo zake. Wazazi wengine huona haya kumtangaza mtoto namna hii. Mimi nasema mtangaze: mtaa usiomjua hauwezi kumlinda.

Sisi tuko shamba, mbali na pwani. Tuna hofu gani?

Kisima, tangi, pipa, madimbwi ya masika. Mtoto mdogo anaweza kufa maji hata kwenye ndoo. Kipande cha bati juu ya kisima hakitoshi, weka mfuniko mzito wenye kufuli. Kwa kuwa maji hukatika na lazima tuyaweke, mapipa nayo yafungwe. Mlangoni weka komeo juu ya kimo chake pamoja na kengele, ila mkubwa aweze kufungua haraka moto ukitokea.

Maji yakipwa si salama kumwacha acheze?

Hapana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hufikia karibu mita 4. Upande wa Paje na Jambiani mtoto anaweza kwenda mbali sana akifuata vidimbwi, na maji yanaporudi huingia kwanza kwenye mikondo ya chini. Aliye juu ya fungu la mchanga hujikuta amezungukwa. Mtoto asiyeitika hamtamrudisha kwa kumwita, kwa hiyo mkubwa awe karibu naye, wa kumshika mkono.

Nimfundishe kuogelea, au ndiyo nitamzidishia hamu?

Mfundishe. Hamu anayo tayari, anachokosa ni njia ya kutoka. Anza na kuelea chali, kisha kugeuka na kurudi alikoingilia. Tumia picha za hatua moja moja, mahali pale pale, mwalimu yule yule. Baadaye afanye mazoezi akiwa na nguo zake za kila siku, maana ndizo atakazokuwa nazo siku akitumbukia. Akina mama wanaohofia stara wajue kuwa Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamejistiri.

Maboya ya kupuliza usiyategemee, mvalishe jaketi la kuokolea linalomkaa. Na kwa kuwa kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, muulize daktari mapema. Mwenye kifafa haachwi peke yake hata bafuni.

Ametolewa majini, hapumui. Nifanye nini?

Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Mwengine apige simu na kutafuta gari.

Akizinduka, mpelekeni hospitali hata kama anacheza. Asiyesema hawezi kukwambia kifua kinambana, basi mtazame: kikohozi, kupumua mbio, usingizi usio wa kawaida. Mwelezeni daktari kuwa ana usonji, na mtu anayemzoea asitoke pembeni mwake.