Tumblr ilianza kuporomoka kabla ya marufuku ya ngono

Hadithi imezoeleka: mwaka 2013 Yahoo ilinunua Tumblr, mtandao wa kijamii wa blogu na picha, kwa dola bilioni 1.1; Desemba 2018 picha za ngono zikapigwa marufuku; Agosti 2019 mtandao ukauzwa kwa Automattic, kampuni inayomiliki WordPress.com, kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 3. Basi, watu husema, marufuku ndiyo iliyoimaliza.

Tarehe zinakataa. Mapema 2016 Yahoo ilitangaza kufuta kwenye hesabu zake dola milioni 230 za thamani ya Tumblr, na katikati ya mwaka huohuo ikafuta milioni 482 nyingine. Zaidi ya nusu ya bei ya ununuzi ilikuwa imeyeyuka, na ngono bado ilikuwa ruksa. Watumiaji walijaa, pesa za matangazo hazikufika kama ilivyotarajiwa. Nani anataka sabuni yake itangazwe kando ya picha ya uchi?

Si kwamba marufuku haikuuma. Ndani ya miezi michache ziara zilipungua kwa karibu theluthi moja, na kichujio cha kompyuta cha kutambua picha za ngono kikawa kinanasa hata picha za watu waliovaa nguo zao kamili. Kituko.

Ila shinikizo lilitoka nje pia. Novemba 2018 programu ya Tumblr iliondolewa kwenye duka la Apple baada ya picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto kugundulika humo. Kampuni za kadi za malipo nazo hazipendi biashara ya picha za ngono. Ndiyo maana Automattic, ilipolegeza masharti mwaka 2022, iliruhusu uchi tu. Vitendo vya ngono vikabaki marufuku.